Aliyetoa Bati

Kila asubuhi, kabla hajawasha moto, Ruthu alichota majivu ya jana kwenye mafiga yake, akavuka ua hadi kwenye shimo, akayamwaga humo na kuyatemea mate. Kisha alisema maneno yale yale, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani:

"Mkono uliotoa bati la shimo hili, ukauke. Ukauke kama ufito wa boma bovu. Usishike kijiko, usishike jembe, usishike mtoto."

Akimaliza hujifuta mdomo kwa pindo la kanga, akarudi kupika uji. Wapangaji wenzake wa ua ule wa Miyuji walishazoea. Ni Mwanasha tu, mwanamke wa Kondoa aliyekuwa akikaanga vitumbua mlangoni kwake, aliyekuwa akigeuza uso na kupiga bismillahi chini kwa chini.

"Mama Erica," alimwambia siku moja, "maneno kama hayo yakimkosa mwenyewe hayalali njiani. Hurudi nyumbani."

"Yatamkosaje, na mwenyewe yule pale anakunywa chai?" Ruthu alijibu, akinyoosha kidevu kuelekea nyumba ya mbele, ile yenye vigae, nyumba ya Bwana Cornel.

Erica, binti yake wa miaka tisa, alikuwa amesimama mlangoni na ufagio. Kila asubuhi alikuwa amesimama hapo na ufagio.

Shimo lenyewe lilichimbwa mwezi wa nane, la choo kipya cha wapangaji. Bwana Cornel alisema zege linakuja wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwezi wa tisa, ikawa Krismasi, mvua zikaanza, shimo likajaa maji mekundu hadi robo tatu. Walimfuata mara nne. Mara ya nne ndipo alipotuma mtu, akatandika bati kuukuu lenye doa la rangi ya bluu kwenye kona juu ya mdomo wa shimo, akalikandamiza kwa matofali manne. Katikati ya Februari, siku ambayo jua lilitoka baada ya mvua ya siku mbili, bati halikuwepo juu ya shimo. Jordan, mdogo wake Erica, alikuwa na miaka minne.

Polisi walikuja, wakapima kwa kamba, wakaandika. Bwana Cornel akawaambia mbele ya watu wote: "Mimi nililifunika, mafundi ni mashahidi. Watoto wa wapangaji wamelifunua wenyewe. Watoto hawa ni kama mbuzi, huwezi kuwafungia." Alisema hivyo Jordan akiwa bado amelazwa kwenye jamvi.

Arobaini haijafika, bati lenye doa la bluu likaonekana juu ya banda la kuku la Bwana Cornel. Nani alihitaji ushahidi zaidi ya huo? Mwenye nyumba alikuwa amewafunika kuku wake wasinyeshewe kwa kumfunulia Jordan shimo. Ua mzima uliamini hivyo. Mpelelezi peke yake ndiye aliyekuna kichwa. "Tunachotaka ni mtu aliyeona bati likitolewa, na siku gani. Akipatikana, Bwana Cornel analala ndani. Asipopatikana, ni ajali."

Mtu aliyekuwa akicheza uani mchana ule na Jordan alikuwa mmoja tu, Erica, na tangu siku ile Erica hakuwa amesema neno. Na kana kwamba hilo halikutosha, alikuwa ameanza kula kwa mkono wa kushoto. Ruthu alikuwa akimpiga kikofi kwenye vidole juu ya sinia.

"Kula kwa mkono wa watu."

Mtoto aliurudisha mkono wa kushoto mapajani. Wa kulia haukutoka. Akakaa hivyo, akiangalia ugali, mpaka wenzake wakamaliza.

*

Mwalimu wa Erica ndiye aliyewaelekeza Makole, kwenye chumba kimoja kilichopakwa rangi ya maziwa, kwa mwanamke anayeitwa Angelina. Alikuwa mtu wa saikolojia, anasomea udaktari wake chuoni, na utafiti wake ulikuwa juu ya watoto waliopatwa na mshtuko: namna wanavyokumbuka mahali, na namna ya kuwatibu kwa kupitia humo humo kwenye kumbukumbu. Alikuja uani kwanza, akatembea na daftari, akaorodhesha vitu kumi na viwili vilivyokuwepo siku ile na vilikuwa wapi, kama alivyoambiwa na wakubwa: choo cha zamani, jiko la Ruthu, kamba ya nguo, pipa la maji, shimo, bati juu ya shimo. Bwana Cornel alimletea kiti na soda. Ruthu akaiona ile soda, akaihifadhi moyoni.

Siku ya kwanza Makole alimpa Ruthu fomu ya kutia sahihi.

"Mtoto wako atakuwa namba thelathini na moja," alisema.

"Ana jina."

"Jina linabaki kwangu, mama. Namba ndiyo inayokwenda chuoni. Ni kumlinda."

"Jordan naye polisi wamempa namba," Ruthu alisema, akatia sahihi.

Angelina hakukasirika. Alikuwa na tabia ya kusubiri mtu amalize hata kama ameshamaliza. Akaonyesha meza fupi iliyokuwa na sinia pana la mchanga, na kando yake boksi la vikorokoro: viberiti vitupu, visoda, nyuzi, vijiti, karatasi za kung'aa za pakiti za sigara, vipande vya karatasi za rangi.

"Mtoto aliyeshtuka, maneno ndiyo yanayomkimbia kwanza. Mahali hapamkimbii. Hatakwambia ilikuwa saa ngapi, lakini atakuonyesha mlango ulifungukia upande gani. Hapa anaujenga ua wenu. Tunaanza pale alipokuwa salama, tunakwenda hatua kwa hatua, tunarudi. Tukienda na kurudi mara nyingi, hofu inachoka."

"Na akionyesha mtu?"

"Hatuulizi mtu."

"Mimi nauliza."

"Hapa si polisi, mama Erica. Ukimwambia cha kuweka, utafiti wangu umekufa, na hilo si kitu. Lakini na mtoto utakuwa umemfungia mlango."

Ruthu hakukubali. Aliutazama mchanga ule kama mtu anavyotazama panga kwenye duka la vifaa.

*

Mara mbili Erica alikaa mbele ya sinia asiguse kitu. Wakati huo Bwana Cornel hakuwa amelala. Jumatano jioni alikuja na bahasha, akaiweka juu ya kigoda, si mkononi mwa mtu.

"Baba Erica," alimwambia Filipo, mume wa Ruthu, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye ujenzi huko Mtumba, saruji bado nyusini. "Mungu ametoa, Mungu ametwaa. Hiyo ni rambirambi ya pili. Jumamosi mpelelezi anakuja ofisini kwa mwenyekiti wa mtaa kufunga maneno. Tusiendelee kuaibishana. Na huyo mama apunguze majivu yake, wapangaji wapya wanaogopa kuja kuona chumba."

"Tumesikia, mzee," Filipo alisema, macho chini.

"Wamesikia," Bwana Cornel alirudia, kana kwamba anamfasiria mtu asiyeonekana. Alipotoka alimpigapiga Erica kichwani. "Bubu wetu hajambo?"

Ruthu aliichukua bahasha bila kuifungua, akaitupa nje ikaangukia kwenye maji ya vyombo.

"Umefanya nini?" Filipo akauliza. "Tungehama. Tungepata chumba Area D, tukaondoka na shimo hili machoni."

"Nihame nimwachie kaburi la mwanangu awafugie kuku?"

"Kaburi la mwanetu liko kijijini."

"Mwili uko kijijini." Akamvuta Erica katikati ya magoti yake, akamshika kidevu. "Sikiliza. Kesho kwa madamu, ukitengeneza ule ua, lile karatasi la kung'aa ndilo bati. Uliweke kwenye banda la kuku. Unasikia? Kwenye banda. Halafu mama atashughulika. Yule mtu atakauka mkono nawe utapona."

Erica alianza kutetemeka. Ruthu akadhani ni baridi, akamfunika kanga.

*

Alhamisi Angelina alimruhusu Ruthu kukaa ndani, nyuma ya mtoto. "Wewe ndiye mahali pake pa salama," alisema. "Ila usitoe sauti."

Kisha Erica akachukua kiberiti. Akakiweka: chumba chao. Kingine: kwa Mwanasha. Uzi: kamba ya nguo. Kisoda: pipa. Akaweka banda la kuku, akaweka jiko kwa vijiwe vitatu. Kwa kidole akachimba shimo, na kila kitu kilikaa pale pale kilipokuwa, hata pipa lililoegemea ukuta kwa upande wa jua. Alifanya yote kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa chini ya paja, ameukalia.

Akachukua karatasi ya kung'aa. Ruthu akazuia pumzi. *Kwenye banda, mwanangu.*

Mkono mdogo ukapita juu ya banda bila kusimama. Ukapita juu ya shimo. Ukaiweka karatasi kando ya vijiwe vitatu vya jiko. Halafu mtoto akachana karatasi ya kijani vipande vidogovidogo, akavitandaza juu yake kwa utaratibu, kama mtu anayetandaza kitu kisilundikane. Akachukua karatasi nyingine ya kung'aa, akaiegemeza nyuma ya kiberiti cha choo cha zamani, na kwa ncha ya kijiti akaitoboa vitundu vingi, vingi, karibukaribu. Kisha akarudisha mikono mapajani.

Angelina alilinganisha na daftari lake. Alimngoja mtoto aende kunywa maji, akasema kwa sauti ya chini: "Ni ajabu sana. Vitu kumi na viwili, sahihi kumi na kimoja. Amekosea bati tu, ameliweka jikoni. Na ameongeza moja nyuma ya choo ambalo halipo kwenye orodha yangu, lenye matundu. Kwa mtoto aliyepatwa na hayo, kosa moja si..."

"Hajakosea," Ruthu alisema.

"Samahani?"

Lakini Ruthu hakuwa chumbani tena. Alikuwa uani, katikati ya Februari, mchana. Mlenda wa kuuza uliokaa siku mbili kwenye gunia ulikuwa umeanza kunuka, na jua limetoka. Yeye ameinama kwenye moto, mgongo kwa ua. Anaita bila kugeuka: *Erica, niletee bati nianike mlenda. Haraka, jua lisitukimbie.* Bati moja lilikuwa nyuma ya choo, ndilo walilokuwa wakianikia siku zote. Na humo nyuma ya choo, wiki ile, nyigu walikuwa wamejenga. Walimuuma Erica jicho likavimba likaziba, na Ruthu mwenyewe ndiye aliyelikanda kwa maji ya chumvi. Mtoto ameagizwa bati, na haraka. Bati lisilo na nyigu lilikuwa moja. Matofali yakasukumwa kando, bati likaburutwa, likalazwa chini, doa la bluu likatazama udongo. Ruthu akamwaga majani yake ya kijani juu yake, akayatandaza, wala hakuuliza limetoka wapi. Kisha ndipo Mwanasha alipopiga ukelele. Watu wakajaa, mlenda ukakanyagwa, bati likatupwa huku na huku hadi kibarua fulani alipoliokota kuwaezekea kuku.

Alijaribu kuhesabu asubuhi. Kuanzia matanga hadi leo. Sitini? Sabini? Na kila asubuhi mtoto amesimama mlangoni na ufagio, anasikia. *Usishike kijiko.*

"Vile vitundu," alimwambia Angelina, na sauti yake haikuwa ya kwake, "ni nyigu."

Akamweleza yote. Angelina alilifunga daftari.

"Mama," alisema hatimaye, "hakunyamaza kwa sababu amesahau. Amenyamaza ili usijue. Mimi nina dawa ya hofu ya shimo. Hofu ya mdomo wako siwezi kuitibu mimi."

*

"Nyamaza," Filipo alisema alipoambiwa. Alikuwa amekaa kitandani, chembechembe za saruji zikidondoka kutoka kwenye suruali yake. "Mimi ndiye niliyetaka tuachane naye, lakini sasa nakwambia nyamaza. Ukisema hilo Jumamosi, yule mtu atacheka hadi Krismasi. Aliyechimba ni nani? Bati ni bati tu."

Hata Ruthu alikuwa ameliwaza hilo njia nzima kutoka Makole, na lilikuwa tamu. Wanaojua ni watatu: mtoto hasemi, na madamu si polisi. Angesimama Jumamosi, akalionyesha banda la kuku, na Bwana Cornel angelala ndani na miguu yake ikitoka nje ya kigodoro. Alikuwa ameitamani picha hiyo kama mgonjwa anavyotamani maji.

"Na huyu?" aliuliza.

Erica alikuwa nje, anajaribu kumenya muwa kwa mkono mmoja, ameukanyaga kwa mguu.

Ruthu akatoka. Jua lilikuwa bado juu. Akachota maji kwenye kikombe cha bati, akapiga magoti mbele ya mtoto, akaupapasa mkono wa kulia nyuma ya mgongo ulikofichwa. Mtoto akaukaza. Wakavutana kidogo, bila ugomvi, mpaka ukatoka. Ulikuwa mwembamba kuliko mwenzake, na kucha zake ndefu, kwa kuwa hakuna kazi iliyozila.

Akajaza maji mdomoni, akaupulizia mkono ule, mara moja, mbili, tatu, kama bibi yake alivyokuwa akiwabariki huko kijijini, maji ya mdomoni juu ya watoto na juu ya mbegu.

"Mimi ndiye niliyekutuma," alisema, kidevu kikidondosha maji. "Mkono ulikuwa wangu. Maneno niliyotema, nayameza. Yote. Sikujua kuwa nakulaani wewe."

Mwanasha aliacha vitumbua vyake viungue. Erica aliutazama mkono wake ukidondoka maji, kama kitu kilichoazimwa kikarudishwa kwa mwenyewe.

*

Ofisi ya mwenyekiti wa mtaa ilikuwa na madawati mawili. Bwana Cornel alikalia moja peke yake. Mpelelezi akauliza kama kuna aliyeona bati likitolewa.

"Nililitoa mimi," Ruthu alisema, amesimama. "Nilimtuma mtoto bati la kuanikia mlenda, akaleta la shimo. Nilikuwa sijui. Sasa najua."

Watu wa uani wakaguna. Filipo akafunika uso. Bwana Cornel akageuka polepole na kuwaonyesha watu meno yake yote.

"Mmesikia? Miezi miwili mwanamke huyu ananimwagia majivu. Nimeitwa muuaji sokoni. Kumbe mlenda." Akacheka. "Mlenda, jamani."

"Cheka umalize," Ruthu alisema. "Sijakaa."

Akamgeukia mpelelezi. "Andika langu. Bati nililitoa mimi, na nitazikwa nalo. Sasa andika na lake. Shimo la futi kumi, kwenye ua wenye watoto saba, amelichimba mwezi wa nane. Tumemfuata mara nne. Akatupa kipande cha bati ambacho mtoto wa miaka tisa amekiburuta mwenyewe, kama anavyoburuta mkeka. Hicho ndicho kifuniko? Na leo tunavyozungumza, bado liko wazi. Mimi nimekosa mchana mmoja. Yeye amekosa kila siku mpaka leo asubuhi."

Kicheko kikapungua. Mpelelezi aliandika kwa muda, akainua kichwa. "Nitaandika yote mawili. Na hili la shimo kuwa wazi hadi leo, mzee, linasomeka vibaya."

"Litafukiwa," Bwana Cornel alisema upesi. "Hata Jumatatu. Nitaleta vibarua."

"Vibarua hapana," alisema Ruthu. "Sitaki bahasha yako wala sitakulaani tena, maana nimeona laana inakokwenda. Nataka ulifukie wewe, kwa mikono yako, sisi tukiangalia. Hadi Erica aseme imetosha."

Mwenyekiti alikohoa, akamtazama mpelelezi, ambaye alikuwa akichunguza ncha ya kalamu yake. Bwana Cornel alimtazama mtoto, akamtazama mpelelezi na faili lake, akapiga hesabu, na tabasamu likarudi.

"Yule bubu ndiye atakayesema? Haya. Nimekubali mbele yenu wote. Andika na hilo."

*

Jumatatu alikuja na viatu vilivyong'aa na chepe jipya, bei bado imebandikwa kwenye mpini. Kifusi cha miezi minane kilikuwa kigumu kama tofali la kuchoma. Wapangaji walitoa vigoda. Mwanasha aligawa vitumbua bure, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Hakuna aliyezomea. Walikaa tu, wakamtazama, kama yeye alivyozoea kuwatazama wao mwisho wa mwezi.

Kufikia saa nne shati lilikuwa limegandamana mgongoni. Saa sita vumbi jekundu lilikuwa limejaa ndani ya viatu, akavivua. Viganja vikatoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, akaufunga mkono wa kulia kwa leso. Ruthu aliitazama leso ile. Hakupepesa macho.

Angelina alikuja kutoka Makole, akaketi chini kando ya Erica bila daftari.

Saa tisa, shimo likiwa halijafika hata nusu, Bwana Cornel alichomeka chepe kwenye kifusi, akaliegemea. Alikuwa akihema kwa mdomo.

"Mnaona wenyewe," alisema. "Mtu akitumbukia sasa, anatoka kwa miguu yake. Imetosha. Au siyo, binti?" Akamgeukia Erica, akasubiri ukimya wake, na ukimya ulikuja kama alivyoutegemea. Akainama kuchukua viatu.

Erica akasimama. Akatembea hadi ukingoni, kupita kamba ya nguo, kupita pipa, njia ile ile ya kwenye mchanga, akachungulia ndani kwa muda wake. Kisha akautoa mkono wa kulia nyuma ya mgongo, akalinyooshea shimo kidole.

"Bado," alisema.

Sauti ilikuwa na kutu, lakini ua mzima uliisikia. Bwana Cornel alitazama huku na huku, kama mtu anayetafuta aliyesema. Hakuna aliyemsaidia. Akavitua viatu chini, akalishika chepe.